Kijiwe cha Gereji: Ndinga imechuchumaa, mama kagoma kupanda

Wiki hii tunaacha habari za rangi, muziki na vioo vyeusi, tunapanda Mara. Kuna kijana mmoja wa Nyamongo, wilayani Tarime, kanitumia ujumbe mrefu kama risala kwa mgeni rasmi. Nimeufupisha, lakini maneno ni yake:

"Kaka, nimenunua Subaru Impreza WRX mkononi mwa mtu. Imeshushwa chini, ina koilova, rimu za inchi 18, ikinguruma tu watoto wanakuja mbio. Tatizo ni mama. Anakaa Mugumu, mgongo wake mbovu siku nyingi, na mimi ndiye ninayempeleka hospitali. Safari ya kwanza alinyamaza njia nzima. Safari ya pili tulipofika alishuka taratibu, akanishika bega, akasema mwanangu, siku nyingine nipe nauli nipande basi. Fundi mmoja ananiambia nikate springi, mwingine anasema niweke raba, wa tatu anasema gari la spoti ndivyo lilivyo, nivumilie au niuze. Kaka, niuze?"

Usiuze, mura. Na huyo fundi wa tatu mwambie nimekataa. Gari la spoti kuwa gumu kama kitanda cha bweni si amri ya Wajapani. Lilipotoka kiwandani halikuwa hivyo. Kuna mtu katikati hapo alilishusha ili lipendeze kwenye lami ya mjini, akalipiga picha mbili tatu, akaliuza. Wewe umelihamishia njia ya Nyamongo kwenda Mugumu, unavuka Mto Mara, na popote lami inapokatika unapokewa na moramu yenye makunyanzi, jiwe limechomoza hapa, mfereji wa maji ya mvua pale. Gari limebaki lile lile. Barabara ndiyo iliyobadilika, na anayelipa ni mgongo wa mama.

Kabla hatujaingia uvunguni, neno kidogo kwa vijana wanaoamini kwamba gari la mbio lazima liburuze tumbo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na enzi hizo zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope la aina hii hii ya kwenu. Nani alikuwa anashinda? Mwaka 1966 na 1967 alishinda dereva wa Tanzania, Bert Shankland, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Hilo ni gari la baba wa watoto watano! Springi ndefu, laini, tairi lina nafasi ya kupanda na kushuka kama mguu wa twiga. Mwaka 1971 na 1973 ikaja zamu ya Datsun 240Z, na hiyo ni spoti ya kweli kweli, milango miwili na pua ndefu. Ya 1973 iliendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Zitazame picha zake utadhani gari limevaa viatu vya mchuchumio, jinsi lilivyoinuliwa.

Halafu kuna mwaka 1978, huu naupenda zaidi. Porsche walileta 911 mbili, wakazinyanyua juu hadi zikafanana na mende anayekimbia kaa la moto. Zikashika nafasi ya pili na ya nne. Ya kwanza ikachukuliwa na Peugeot 504 kupe, ndugu wa damu wa zile 504 zilizokuwa teksi kila mji wa Afrika Mashariki. Na Subaru yako je? Impreza ilishinda Safari mwaka 1997 ikiwa mikononi mwa Colin McRae, ikashinda tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Za kwao hazikuwa zimechuchumaa hata kidogo. Zilikuwa juu, zimevaa matairi ya ubavu mnene. Kwa hiyo mtu akikucheka kijiweni pale Tarime mjini eti umeiinua Subaru imekuwa kama Forester, mwambie aende akamcheke McRae.

Sasa tuingie chini. Na tunapoingia chini tunaweka stendi, hatulali chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hilo sitalirudia.

Koilova, kwa wale wasioijua, ni springi na shokapu vilivyofungwa pamoja, mwili wake una nyuzi kama boliti kubwa, unazungusha ringi gari linapanda au linashuka. Springi kazi yake ni kubeba gari. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya kupita kwenye shimo. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku. Gari likiwa gumu wanakimbilia kuilaumu shokapu, kumbe mwenye kosa ni springi, au wala si springi, ni nafasi.

Nafasi ndiyo habari yenyewe wiki hii. Chukua kalamu.

Koilova nyingi zinazotoka Japani na Taiwan huja na springi za mbio, na namba yake mara nyingi imeandikwa kwenye springi yenyewe. Mathalani ni kilo 8. Maana yake, ukitaka kuibonyeza milimita moja unahitaji uzito wa kilo 8. Sasa tuseme kona moja ya mbele ya gari lako inabeba kilo 320. Gawanya kwa 8. Jibu ni milimita 40. Yaani gari likisimama, springi imebonyea sentimita 4 tu. Hapo tairi likikutana na shimo, linaweza kushuka sentimita hizo 4 kulifuata shimo, baada ya hapo springi haina tena cha kusukuma. Shimo likiwa na kina cha sentimita 7, tairi linaning'inia hewani, halafu linagonga ukingo wa pili kwa uzito wa gari zima. Ule mshindo unaousikia, PAA!, ndio huo.

Weka springi ya kilo 4 mahali pale pale. 320 gawa kwa 4, unapata milimita 80. Tairi sasa linashuka sentimita 8 kulifuata shimo. Gari lile lile, dereva yule yule. Hesabu hii inakubali vizuri kwenye Impreza za kabla ya mwaka 2007 kwa sababu kona zake zote nne springi inasimama juu ya shokapu, karibu kabisa na tairi. Mwenye Altezza asiichukue kama ilivyo, kwani miguu yake ina mikono miwili na springi imekaa ndani zaidi, namba zinabadilika. Maana yake lakini haibadiliki.

Kuna na hesabu ya pili, hii inamhusu mama moja kwa moja. Springi ya kilo 4 kwenye kona ile inalipa gari mdundo wa chini ya mara 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Mwili wetu umezaliwa na mdundo huo. Ya kilo 8 inapanda mpaka mara 2 na nusu, gari linakuwa na haraka haraka, kichwa kinatikisika kama kuku anayetembea. Mimi ni mtu wa gereji, si daktari, lakini wataalamu wa mitetemo wanasema mtu aliyekaa huteseka zaidi na mtetemo wa kupanda na kushuka wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Kila unachokifanya kwenye miguu ya gari ni kujaribu kuyakimbia masafa hayo. Gari laini na tairi laini huyameza. Gari gumu linayapitisha kama yalivyo, yakapande kiti, yakapande uti wa mgongo.

Sasa ukute mtu kaishusha gari. Ndani ya shokapu, juu kabisa, kuna kiraba cha kuzuia chuma kisigonge chuma. Gari lililoshushwa sana linakaa karibu na kile kiraba, wakati mwingine linakaa JUU yake kabisa. Hapo huna springi tena. Umekalia raba. Na ndiyo maana kuna watu wamenunua koilova za bei mbaya, hela ambayo huko kwenu inahesabika kwa ng'ombe, wakalegeza kila kitu cha kulegezeka, na gari bado linagonga. Wanalegeza shokapu ambayo haifanyi kazi yoyote!

Jipime kwanza kabla hujatumia hata senti. Chukua kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, kifunge kwenye fimbo inayong'aa ya shokapu, kisukume mpaka chini kabisa kigusane na mwili wa shokapu. Kaza kiasi cha kuteleza kwa shida. Kisha endesha njia yako ya kila siku, Nyamongo mpaka Mugumu, na mizigo yako ya kila siku. Ukifika, angalia kikamba kimesukumwa hadi wapi. Kama kimefika juu kabisa kwenye kiraba, gari lako linagonga mwisho, na hakuna kizungushio kitakachokusaidia, unahitaji kulipandisha. Kama kimebakiza sentimita 2 au 3, nafasi ya kubonyea unayo, shida yako ni springi au shokapu. Zipo shokapu ambazo fimbo imegeuzwa kichwa chini huwezi kuiona, kwa hizo njia hii haifai, itabidi uvue na kuangalia alama kwenye kiraba.

Kulipandisha sasa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole. Koilova nyingi za kisasa zina sehemu mbili za kuzungusha. Moja iko chini, kwenye kikombe kinachofungwa kwenye mguu. Ukizungusha hapo, urefu wa koilova nzima unabadilika na springi haiguswi. Nyingine ni ringi iliyo chini ya springi. Ukizungusha hiyo juu, unaibana springi. Gari litapanda, ndiyo, na utafurahi, lakini kila milimita unayobana inakula milimita ya tairi kushuka. Zile milimita 40 zinakuwa 30, zinakuwa 20. Gari limekuwa juu na limekuwa baya zaidi! Basi ringi ya springi iache pale ambapo springi imeshikwa tu isicheze, na urefu uutafute kwa kikombe cha chini. Usifukuze anga. Kutoka kwenye urefu wa kiwandani, sentimita 3 hadi 4 zinatosha kabisa, ukizidi hapo ekseli zinapinda, hozi za breki zinavutika.

Kama koilova yako ina ringi ya juu peke yake, au ni kuukuu inavuja mafuta, nina ushauri wa bei nafuu, na najua wengine mtanizomea. Ivue. Iuze kwa mtu wa mjini. Tafuta shokapu na springi za Forester. Forester ya kwanza ilitoka mwaka 1997 ikiwa imejengwa juu ya chasisi ya Impreza ya wakati huo, na miguu yake mingi inaingia kwa Impreza za enzi hizo kama kidole na pete. Springi laini, shokapu ndefu, gari linapanda lenyewe bila spesa. Na Forester Tanzania hii zimejaa, vipuri vyake si vya kuagiza kwa meli. Usiende dukani kwa maneno matupu lakini. Beba shokapu yako ya zamani, ziweke sambamba, linganisha matundu ya boliti, linganisha mahali pa kushikia hozi ya breki, linganisha kile kitako cha juu. Vikilingana, lipa. Visipolingana, usikubali neno la "tutatoboa".

Anayependa kubaki na koilova yake atafute springi laini zaidi, kilo 4 au 5, zenye kipenyo kile kile cha ndani. Na ziwe ndefu kuliko zile za kilo 8, kwa sababu springi laini inahitaji nafasi ya kubonyea, ikiwa fupi koili zinagusana na hapo umerudi kwenye chuma. Kuzibadilisha ni kazi ya kibana springi, kifaa chenyewe, si waya wala kamba ya katani. Springi iliyobanwa ikikuponyoka haina msalie mtume.

Wale mafundi wawili wa kwanza nao tuwajibu. Kukata springi hakuifanyi laini, springi fupi ni ngumu zaidi, na gari likining'inia inaweza kuruka kutoka kitako chake. Kuichoma moto kwa gesi ili ilegee ni ujinga wa daraja la kwanza, chuma kinapoteza nguvu, siku moja kinakatika kwenye kona. Na zile raba za kupachika katikati ya koili zinafunga koili isifanye kazi. Gari linainuka, springi inakuwa ngumu, mama anarudi kwenye basi.

Matairi. Hapa sitabishana na mtu. Rimu ya inchi 18 unavaa tairi la 225/40. Ubavu wake ni milimita 90. Ukirudi rimu ya 16 na tairi la 205/55, ubavu ni milimita 113, na kimo cha tairi zima kinabaki karibu vile vile, spidomita haiongopi. Umeongeza zaidi ya sentimita 2 za mpira na upepo katikati ya jiwe na mama, na rimu yenyewe kwa kawaida ni nyepesi zaidi, tairi linapanda na kushuka haraka badala ya kulitwanga gari. Jaribisha kwanza kabla ya kununua, maana WRX zenye breki kubwa zinakataa rimu ndogo. Upepo nao tazama kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ujaze hivyo, asubuhi tairi likiwa la baridi. Vijana wa pampu wana mazoea ya kukujazia 40 bila kuuliza, wanadhani wanakupendelea. Usishushe chini ya kibandiko ukitafuta ulaini, tairi la ubavu mfupi likiwa na upepo mdogo linapasuliwa na jiwe moja tu.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo unagusa kile kizungushio cha shokapu. Kwa kawaida kipo juu, kinatoa mlio wa tik, tik. Kizungushe kwa upande wa saa taratibu mpaka mwisho, huko ndiko kugumu. Usikikaze kwa nguvu, kinavunjika. Kisha rudi nyuma ukihesabu. Andika kwenye daftari: mbele tik ngapi, nyuma tik ngapi. Anza na laini kabisa, pande zote. Tafuta kipande cha njia unachokijua, kilomita 2 zinatosha, pita kwa mwendo ule ule kila mara. Gari likiwa laini mno utaliona, likipita tuta linapanda, linashuka, linapanda tena kama mtumbwi wa Ziwa Victoria. Ongeza tik 2. Pita tena. Unatafuta pale ambapo gari linapanda mara moja, linashuka, linatulia. Ukifika hapo acha. Usiongeze nyingine kwa ajili ya sifa.

Na hapa kuna siri ambayo wenye njia ya makunyanzi lazima waijue. Vizungushio vingi vya bei ya kawaida hubadilisha zaidi ule upande wa shokapu kunyooka kuliko wa kubonyea. Ukikaza sana, springi inabonyea kwenye kunyanzi la kwanza, kabla haijanyooka linakuja la pili, la tatu, la kumi. Gari linajikunja chini taratibu bila wewe kujua, mpaka linakaa kwenye kiraba. Dereva anasema barabara imekuwa mbaya zaidi mbele huko. Barabara ni ile ile, gari ndilo limekaa chini. Kwa hiyo lami ya Sirari mpaka Tarime unaweza kuongeza tik 3 ukajidai, lakini ukiingia vumbi la Mugumu zirudishe. Dakika 5 tu, simama chini ya mti. Na kama umeweka springi laini, shokapu nayo lazima ilegezwe, shokapu iliyokazwa kwa springi ya kilo 8 itaiburuza springi ya kilo 4 kama mbwa kwenye mnyororo.

Mpakie mshikaji mwenye mdomo kiti cha nyuma wakati unajaribu. Yule anayelalamikia kila kitu. Dereva ana usukani wa kushika, hajui abiria anaonja nini.

Vitu vingine vya harakaharaka. Bushi zilizochoka zinapiga kelele zinazofanana na shokapu mbovu, ziangalie kwanza. Ukibadilisha, chukua za mpira wa kawaida, hizi ngumu za rangi rangi ni za kwenye mbio, zinaleta mtetemo ndani. Stabilaiza nene inaunganisha tairi la kushoto na la kulia, moja likiingia shimoni na lenzake linavutwa, abiria wanapigana vichwa. Kama ina matundu mawili ya kufungia, tumia lile la kulegeza. Gari likishapandishwa, fanya alaimenti, rekebisha taa za mbele maana sasa zinawapofua wenzako, na baada ya kilomita 100 au 200 kaza upya boliti zote ulizogusa.

Tumalizie na mguu wa kulia, kwa sababu kuna mtaalamu kijiweni atakwambia makunyanzi dawa yake ni kukanyaga mpaka 90, gari linaelea. Ni kweli linaelea! Tairi linagusa vichwa vya makunyanzi tu, muda mwingine lipo hewani. Tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Na njia zenu zina ng'ombe. Zina watoto wa shule pia, tena kona ile ile. Kwenda polepole mno nako kuna mtego wake, na hapa hesabu inanoga. Tuseme kutoka kunyanzi moja hadi jingine ni sentimita 70. Ukienda kilomita 18 kwa saa unapigwa kama mara 7 kwa sekunde, ndani kabisa ya yale masafa mabaya ya mgongo. Ukienda 36 unapigwa mara 14, na hapo springi laini na tairi nene zinameza karibu yote. Tafuta mwendo wa gari lako kati ya 35 na 45, panapoonekana mbele. Hata ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ukiingilia lango la Ikoma, mwisho ni 50 kwa saa. Shokapu nazo zinachemka kwenye makunyanzi marefu, mafuta yanakuwa mepesi, gari linaanza kuelea. Likianza hivyo simama, mama ashuke anyooshe miguu, shokapu zipoe. Usizishike, zinaunguza.

Mama akae mbele. Kiti cha nyuma kiko karibu na tairi la nyuma, kila tuta anarushwa zaidi yako. Egemeo la kiti lilaze kidogo, mgongo ugawane uzito na kiti.

Na mzigo, mura, maana nawajua watu wa Tarime hamwendi kwa mama mikono mitupu. Ndizi za kilo 80 kwenye buti, springi mbili za nyuma za kilo 4 kila moja, gari linashuka kama sentimita 1 nzima, na sentimita hiyo imetoka kwenye nafasi yako ya kubonyea. Kwa hiyo siku ya kufunga kile kikamba cha kupimia, pima na ndizi zikiwemo.